Mfumo Endeshi Unaofaa kwa Kompyuta za Zamani

Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Kwa wananchi wa Tabora, kuanzia Igunga hadi Kaliua, wenye kompyuta za zamani au zilizoundwa na mafundi kwa vipuri, toleo mbadala hutegemea uwezo wa mashine. Windows 11 huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na kinga ya TPM 2.0, ambayo katika mashine za kuunda wakati mwingine ipo ila imezimwa. Isiyokidhi vigezo hivyo huweza kuwekewa Linux bila malipo. Yenye prosesa ya biti 32 iwekewe Debian 12. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye mashine hizo. Nyaraka zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, kwani usakinishaji mpya huweza kuzifuta.