Makaburi ya Kale ya Wayahudi, Berlin

Makaburi ya kale ya Wayahudi mjini Berlin, Ujerumani, yapo hasa katika maeneo matatu ambayo vikundi vya wageni huyazuru kwa miguu na kwa tramu. Ziara hufaa kuanzia mtaa wa Große Hamburger Straße, kwa kuwa hapo mgeni hukutana kwanza na kile kilichopotea. Eneo hilo lilifunguliwa mwaka 1672 na kutumika hadi 1827. Mwanafalsafa Moses Mendelssohn alizikwa hapo mwaka 1786. Mwaka 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waliliharibu. Leo ni bustani tulivu, na jiwe la Mendelssohn linaloonekana si lile la asili.

Makaburi ya Schönhauser Allee yalifunguliwa mwaka 1827. Humo wamelala mtunzi wa opera Giacomo Meyerbeer na mchoraji Max Liebermann.

Eneo la Weißensee, lililofunguliwa mwaka 1880, ndilo kubwa kuliko yote: hekta 42 hivi na makaburi zaidi ya 115,000, chini ya miti iliyofungamana. Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni ile ya askari Wayahudi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wakiipigania Ujerumani, nchi ambayo baadaye iliwaua ndugu zao. Ipo pia kumbukumbu ya Herbert Baum, aliyeongoza vijana waliowapinga Wanazi.

Makaburini, wanaume hufunika vichwa. Juu ya kaburi huwekwa kijiwe, kwa desturi, badala ya maua. Siku ya Sabato, yaani Jumamosi, milango hufungwa.