Upepo Usioulizwa Kipande

Kutoka Garissa hadi Dadaab ni kama kilomita 100, na mwezi wa Julai mtu huzihesabu kwa vumbi. Upepo ulikuwa nyuma yetu, ukitoka kusini, na kila dereva alipopunguza mwendo vumbi letu wenyewe lilitupita, likatutangulia njiani kuelekea Somalia.

Njia hii ya Garissa, Dadaab na Liboi inajulikana zaidi kwa waliokuja kutoka upande wa pili. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991 watu walivuka mpaka, ikafunguliwa kambi ya Ifo, kisha Dagahaley na Hagadera mwaka uliofuata. Kambi zilizokusudiwa watu 90,000 zilikuwa na zaidi ya 400,000 kufikia 2011. Mimi nilikuwa namfuata msafiri mwingine, aendaye kinyume chao, ambaye tangu dunia iumbwe hajaulizwa kipande na askari yeyote.

Pwani tunamwita kusi. Wasomali wa huku huhesabu majira manne, na haya ya upepo wa katikati ya mwaka huyaita Xagaa. Wao huiandika kwa x, sisi masikio yetu husikia hagaa. Kibandani Dadaab mzee mmoja alinisogezea kikombe cha chai ya maziwa, akasema: "Adeer, upepo huu hauna kitu. Umebeba vumbi tu."

Nilimwambia umebeba mvua ya Wahindi.

Akacheka. "Basi ungeshusha kidogo hapa."

Nilichomwambia sikukitunga. Aliyekiweka kwenye karatasi ni John Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa aliyekuwa Nairobi katika idara ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 alichapisha makala kuhusu mikondo ya hewa inayovuka ikweta kwa kasi, chini chini, juu ya Kenya, na Garissa ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyompa vipimo. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Unajaza puto kwa haidrojeni, unaliachia, unalifuata kwa theodolaiti, chombo kile cha wapima ardhi, ukisoma pembe dakika baada ya dakika mpaka lipotelee mawinguni. Kasi ya puto kupanda inajulikana, kwa hiyo pembe hizo zinatosha kukokotoa upepo wa kila kimo.

Ikaonekana kwamba kilomita moja hadi mbili juu ya nchi hii kavu unapita mto wa hewa, siku nyingine ukizidi kilomita 90 kwa saa. Unaanzia kusini mwa Bahari ya Hindi, unapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, unaingia Kenya kwenye tambarare za mashariki. Nyanda za juu zinauzuia kama ukuta, nao unabanwa, unaongeza kasi, unavuka ikweta, unatoka Somalia na kukata Bahari ya Arabu hadi India. Leo wataalamu wanauita kwa jina lake Findlater. Dadaab yenyewe iko kilomita chache tu kaskazini ya ikweta, yaani karibu kabisa na mahali msafiri huyo anapovuka.

Kumbuka ilikuwa miaka gani. Mwezi huo huo wa uhuru, Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hili, na vita vya Shifta, vya serikali na waasi waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, havikumalizika rasmi hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Mfugaji alizuiwa kwenda na mifugo yake anakotaka. Puto za Garissa zilipanda angani katika miaka hiyo hiyo.

Baharini nako kulikuwa na watu. Agosti 1964 meli ya utafiti ya Kiingereza, Discovery, ilikuwa pwani ya Somalia katika msafara mkubwa wa kimataifa wa kuichunguza Bahari ya Hindi, na ndani yake mtaalamu wa bahari John Swallow. Yeye na mwenzake Bruce walipima mkondo wa Somalia ukikimbia zaidi ya kilomita 10 kwa saa, na wakakuta maji ya juu, kando ya nchi ya joto namna ile, yakiwa chini ya nyuzi 20. Upepo wa kusi husukuma maji ya juu mbali na pwani, na ya chini, yaliyo baridi, hupanda kuziba nafasi. Bahari iliyopoa hivyo hainyanyui mawingu ya maana. Mzee wangu wa chai ana upepo unaopita mbio bila kutua na bahari iliyopoa jirani. Hiyo ni sehemu ya jibu la kwa nini upepo haumshushii mvua. Makala ya Swallow na Bruce nayo ilitoka 1966.

Jina Discovery lilirithiwa. Meli ya awali yenye jina hilo ilimpeleka Kapteni Scott Antaktika mwaka 1901, ikanaswa na barafu miaka miwili. Hata bila meli, ncha hiyo ya dunia inafika huku: maji ya chini kabisa ya bonde la bahari la Somalia yalizama karibu na Antaktika kwa ubaridi na uzito wake, yakatambaa sakafuni kuja kaskazini, yakapenya mlango wa Amirante, jirani na Shelisheli. Mwaka 2010 Sarah Purkey na Gregory Johnson walionyesha kwamba maji ya kina namna hiyo yanapata joto, na zaidi sana katika Bahari ya Kusini. Msinishike ulimi: sisemi hilo ndilo linaloikausha Dadaab. Nasema bahari ni moja, na anayepima barafuni anapima na ya kwetu. Swallow mwenyewe mwaka 1955 alitengeneza boya linaloelea kilindini, kwa mabomba ya alumini ya jukwaa la ujenzi. Wajukuu wa boya hilo, maboya ya Argo, sasa ni maelfu, hupanda juu kila siku 10 kutoa habari, na mengine hupita hata chini ya barafu.

Mvua kubwa, hata hivyo, ziliwatoroka wapimaji hawa wote. Mwisho wa 1961 Afrika Mashariki ilifurika hata Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita moja. Mwisho wa 1997 mafuriko yalikata njia hii niliyopita, na homa ya Bonde la Ufa ikazuka Garissa. Maelezo yalipatikana 1999, Saji na wenzake walipoonyesha kwamba Bahari ya Hindi ina mizani yake: upande wa Sumatra ukipoa na wa Afrika ukipata joto, mvua ya vuli, Deyr kwa Wasomali, humwagika huku. Mizani ikiegemea upande mwingine, ngamia hufa.

Mwalimu wa jiografia wa Hagadera au Ifo, ukifika kwenye somo la pepo za msimu, usianzie Bombay. Watoe wanafunzi uani mwezi wa Julai, waonyeshe vumbi linakoelekea, na uwaambie upepo unaolibeba ulipimwa Garissa.