Fani na Maudhui: Historia ya Uhakiki wa Fasihi katika Chumba cha Mtihani

Uhakiki wa fasihi unaofundishwa katika shule za sekondari za Tanzania, na kwa kiasi fulani za Kenya, umejengwa juu ya mgawanyo wa sehemu mbili: fani, yaani ufundi anaoutumia mtunzi kuiwasilisha kazi yake, na maudhui, yaani mambo yanayosemwa na kazi hiyo. Chini ya fani huwekwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha; chini ya maudhui huwekwa dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Mgawanyo huu umezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa ulizaliwa pamoja na fasihi yenyewe, ilhali umri wake shuleni hauzidi sana nusu karne. Haukutoka kwa washairi wa Pate na Mombasa, wala kwa maofisa wa kikoloni waliosanifisha lugha. Ulikulia chuo kikuu, ukapewa nguvu na siasa za wakati wake, na hatimaye ukakomazwa na mtihani.

Kabla ya shule za serikali, mwambao ulikuwa na vipimo vyake vya utungo. Tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, au utenzi ambao Mwana Kupona alimwandikia binti yake mwaka 1858, zilinakiliwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti mbele ya watu waliojua dini na lugha kwa pamoja. Msomaji wa Al-Inkishafi hakutakiwa kuitenga picha ya majumba ya Pate yaliyogeuka magofu na mawaidha kuhusu dunia inayopita, kwa kuwa picha hiyo ndiyo mawaidha yenyewe. Kilichohesabiwa waziwazi kilikuwa arudhi, yaani kanuni za umbo la shairi: vina, ambavyo ni silabi zinazofanana katika sehemu maalumu za mistari, na mizani, ambayo ni hesabu ya silabi katika kila mstari. Kaluta Amri Abedi alipozichapisha kanuni hizo mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, alikuwa akiyaandika maarifa ya malenga kwa ajili ya watunzi wapya, si kwa ajili ya watahiniwa. Hata hivyo, vizazi vya watahiniwa vilivyofuata vimekariri istilahi zilezile vikiwa havijawahi kutunga ubeti hata mmoja.

Shule ya kikoloni haikuwa na haja ya uhakiki. Baada ya mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na uamuzi wa mwaka 1928 wa kuichukua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 chini ya katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson. Kamati hiyo ilikagua vitabu vya shule kwa jicho la usanifu wa lugha, na vitabu vingi vya kusoma vya wakati huo vilikuwa tafsiri za hadithi za Kiingereza, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwanafunzi alipimwa kwa ufahamu, insha, sarufi na tafsiri. Kitabu cha hadithi kilikuwa chombo cha kumzoesha lugha iliyokubaliwa, na mtu asingetarajiwa kueleza msimamo wa mwandishi ambaye, mara nyingi, aliandika kwa ajili ya watoto wa Uingereza.

Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ndiyo kazi inayoonyesha vizuri zaidi jinsi kitabu kimoja kinavyobadilika maana kadiri swali la mtihani linavyobadilika. Hadithi inahusu nchi inayoelea angani, ambako Karama anashitakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa na kulipwa adhabu badala ya shukrani. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kitabu kilihitaji mchapishaji wa Kiingereza, kwa hiyo nchi ilibidi iwe ya angani. Katika miaka ya hamsini kitabu hicho kiliweza kusomwa kama hadithi ya maadili, yenye kufunza haki, uvumilivu na ufasaha wa kusema. Baada ya uhuru, kitabu kilekile, bila neno lake moja kubadilishwa, kilifundishwa kama istiara, yaani hadithi ambayo tukio lake la juu linasimama badala ya tukio jingine lisilotajwa: Kusadikika ikawa Tanganyika chini ya Waingereza, na baraza lake likawa utawala usiosikiliza raia wake.

Usomaji wote wawili una ushahidi ndani ya kitabu, na huo ndio utajiri wake. Majina ya wahusika, ambayo mwanafunzi wa Kenya hufundishwa kuyaita majazi kwa sababu yanaafiki tabia za wenye majina hayo, yanavuta upande wa maadili. Hukumu zisizo na sheria zinavuta upande wa siasa. Na hotuba ndefu za Karama, ambazo wanafunzi wengi huziona zinachosha, ndizo zinazounganisha pande zote mbili, kwa sababu kinachopiganiwa mahakamani humo ni haki ya mtu kusema mpaka amalize. Mtahiniwa anayeorodhesha hotuba chini ya mtindo na kupigania haki chini ya dhamira huwa amekata mshipa uliokuwa ukilisha sehemu zote mbili, na bado hupata alama zake zote.

Mabadiliko makubwa yalikuja kati ya mwaka 1967 na 1980. Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea, zote za mwaka 1967, ziliitaka elimu itumikie ujenzi wa ujamaa. Mwaka huohuo lilianzishwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambako Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Idara ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kufunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na wahakiki wa chuo hicho, wengi wao wakifuata mtazamo wa Ki-Marx, walidai kwamba fasihi ni zao la mahusiano ya kitabaka na kwamba mhakiki lazima aulize kazi inamtetea nani. Vitabu vipya vililipa dai hilo chakula cha kutosha. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, ilivigeuza Vita vya Maji Maji kuwa mjadala kuhusu umoja na imani. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilizungumzia malezi na unyanyaswaji wa msichana kwa uwazi uliofanya izuiwe shuleni kwa muda. Na Kichomi, diwani yake ya mwaka 1974, ilivunja vina na mizani na kuzua ugomvi mrefu kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko.

Ugomvi huo ndio ulioipa jozi ya fani na maudhui umuhimu wake. Wanamapokeo walishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Wanamabadiliko walijibu kwamba umbo halina ubwana juu ya ujumbe. Swali la uhusiano wa mambo hayo mawili likaingia vitabuni kwa mfano maarufu wa kikombe na chai, unaoitenga fani kama chombo na maudhui kama kinywaji, na wapinzani wa mfano huo wakasisitiza kwamba sehemu hizo hazitengani. Vitabu kama Kunga za Ushairi na Diwani Yetu cha K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi, cha mwaka 1979, na Fasihi cha F. E. M. K. Senkoro, cha mwaka 1982, vilisaidia kuushusha mjadala huo kutoka chuoni hadi kwa walimu. Ajabu ni kwamba shule nyingi zinafundisha nadharia ya kutotengana kama jibu la swali moja, kisha zinatenga fani na maudhui katika majibu ya maswali mengine yote.

Sababu yake haiko katika nadharia bali katika usahihishaji. Maelfu ya karatasi zinazosahihishwa na walimu wengi huhitaji mwongozo wa alama, na mwongozo huhesabu hoja: dhamira tatu kutoka kitabu cha kwanza, tatu kutoka cha pili, utangulizi na hitimisho. Itikadi ya miaka ya sabini ilipopoa, maneno yake kama tabaka, unyonyaji na ukombozi yalibaki katika orodha, yakiwa yamepoteza ukali lakini yakihifadhi alama. Ndivyo ilivyozaliwa biashara ya vitabu vya tahakiki, ambavyo humpa msomaji kila kipengele kikiwa kimekwisha kujibiwa, pamoja na sehemu ya mwisho iitwayo kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, ambamo watunzi wakubwa hupewa hukumu ya sentensi mbili.

Kenya ilipita njia nyingine. Kiswahili kilikuwa somo la hiari kwa wengi mpaka mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulipolifanya la lazima na la kutahiniwa, na mtihani wa kwanza wa kumaliza sekondari, KCSE, ukafanywa mwaka 1989. Karatasi yake ya fasihi hupenda swali la dondoo, yaani kipande cha maneno kilichonukuliwa kutoka kitabu teule, ambapo mtahiniwa hueleza nani alisema, alimwambia nani, wapi na kwa nini, kabla ya kutaja mbinu za lugha zilizomo. Swali la namna hiyo lina ubovu wake, kwa kuwa huthawabisha kumbukumbu, lakini linamlazimisha mwanafunzi kukisoma kitabu chenyewe, kama ilivyokuwa kwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed au Siku Njema ya Ken Walibora, jambo ambalo insha ya Tanzania ya kulinganisha vitabu viwili haiwezi kulidai kwa uhakika.

Uteuzi wa vitabu nao huamua ni thamani gani za jamii zitakazojadiliwa. Kwa muda mrefu orodha ya kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania ilikuwa na Kilio Chetu na Orodha, tamthilia mbili zinazohusu UKIMWI na vijana, pamoja na Takadini, riwaya kuhusu mtoto mwenye ualbino na mama yake anayekimbia kijiji ili kumwokoa. Haja ya kijamii ya vitabu hivyo ni dhahiri. Lakini Takadini ya Ben Hanson na Orodha ya Steve Reynolds ni tafsiri kutoka Kiingereza, na mtahiniwa huulizwa kuhusu matumizi ya lugha ndani yake kama anavyoulizwa kuhusu Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Hutaja methali, tashbiha na takriri za Kiswahili na kumsifu Hanson kwa ufundi wa kuzichagua, naye msahihishaji humpa alama, ingawa aliyezichagua ni mfasiri, ambaye hana nafasi katika orodha ya vipengele vya fani.