Rangi na Mvaaji Wake

Vijana wengi hujiuliza ni rangi gani ya nguo inayowapendeza. Wako watu wazima wanaolicheka swali hili, wakidhani ni la upuuzi. Usicheke nao, msomaji. Katika pwani yetu zilikuwako zama ambazo watu wengi hawakuwa na ruhusa ya kuliuliza. Rangi zao zilikwisha chaguliwa na wengine, na aliyewaona kwa mbali aliweza kukisia nani mwungwana na nani mtumwa. Basi na tulitazame swali hili kwa makini, kwanza kwa elimu ya macho, kisha kwa historia.

Elimu ya macho ina kweli yake. Mwaka 1824 Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alifanywa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, mjini Paris, kilichofuma mazulia ya kupamba kuta. Watu walilalamika kuwa nyuzi nyeusi za kiwanda zimefifia. Chevreul alizichunguza akaona hazina ila. Zilififia machoni tu kwa sababu ya rangi zilizopakana nazo. Mwaka 1839 alitoa kitabu juu ya jambo hilo, na ndani yake akazungumza hata juu ya nguo na uso wa mvaaji. Rangi, basi, ni kama jirani: humbadili aliye karibu naye. Waweza kulijaribu jambo hili wewe mwenyewe. Simama mlangoni mchana, penye nuru isiyokupiga usoni, ukashike kioo. Weka leso moja chini ya kidevu, kisha nyingine. Moja itakuonyesha umechangamka. Nyingine itakufanya ufanane na mtu aliyekesha.

Juu ya msingi wa namna hiyo, watu wa Ulaya na Marekani walijenga elimu ya kuzigawa rangi kwa majira manne ya nchi zao: majira ya kuchipua, ya joto, ya kupukutika kwa majani, na ya baridi. Mtu hutazamwa ngozi, macho na nywele, akawekwa katika majira yake, akapewa rangi za majira hayo. Mwaka 1980 Carole Jackson wa Marekani alitoa kitabu kiitwacho Color Me Beautiful, nacho kiliieneza elimu hiyo kwa watu wengi sana. Ina faida yake, lakini ilikatwa kwa kipimo cha nyuso za kwao. Watu weusi walio wengi waliwekwa katika kundi moja tu, la majira ya baridi. Tazama ajabu hiyo! Simama kidogo sokoni Ukunda, uwatazame wapitao. Utamwona mweusi kama mpingo, utamwona wa maji ya kunde, utamwona mweupe wa ngozi. Na hawa karibu wote waitwe watu wa baridi, katika pwani isiyojua theluji! Sisi tuna kaskazi na kusi, masika na vuli. Anayetaka kuitumia elimu ya wageni hana budi kuipima kwanza kwa macho yake.

Sasa tugeukie historia. Katika karne ya 19 nguo za watu wengi wa pwani zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ni merikani, pamba isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na wafanya biashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said bin Sultan. Ya pili ni kaniki, nguo iliyotiwa nili hata ikakaribia weusi. Nguo hizi hazikuwa na aibu kwa asili yake. Wamijikenda walivaa pamba za namna hiyo wakiwa watu huru, na wanawake wao walijishonea hando. Lakini mijini na katika mashamba ya mabwana, merikani na kaniki ziligeuka kuwa alama ya utumwa. Bibi alijifunika kwa nguo za thamani. Mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kama yeye.

Mambo mawili yalikuja kuibadili hali hiyo. La kwanza lilitokea London mwaka 1856. William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata, bali alipata rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Baada yake rangi za viwandani ziliongezeka na bei yake ikashuka, hata nguo nyekundu, manjano na zambarau zikaweza kumfikia mtu asiye tajiri. Jambo la pili ni kuondolewa kwa utumwa: Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Katika miaka hiyo ndipo leso ilipoenea, ile ambayo Unguja huitwa kanga. Neno leso ni la Kireno, maana yake ni kitambaa cha mkono. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakakata sita sita, wakaunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana. Wafanya biashara walipoona jambo hilo waliagiza nguo nzima zenye pindo na mji, zilizopigwa chapa India na Ulaya. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alipata sifa kwa leso zenye maneno.

Na nani waliozipokea kwa shangwe? Unguja, ambako habari hizi zimeandikwa kwa wingi, wanawake walioachwa huru walizitupa kaniki zao, wakajifunga kanga za rangi kali. Wasiojua waliweza kusema ni mapenzi ya anasa. Haikuwa hivyo. Kwa nguo zile walitamka jambo lililokuwa limezuiwa vinywani mwao: kwamba wao ni watu, na kwamba miili yao ni mali yao.

Je, kaniki imebaki na aibu milele? La. Nenda Diani, ufike Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni hapiti humo mpaka ajifunge nguo nyeusi, awe tajiri, awe maskini. Weusi uliomdunisha mtu shambani humheshimisha mtu msituni. Na weusi huo huo, ukichanganywa na wekundu na weupe, hufanya kisutu, leso ya harusi. Rangi haizaliwi na cheo. Cheo hupewa na watu, na watu waweza kukibatilisha.

Basi, msomaji, utakapokwenda kununua nguo, tumia kioo na nuru ya mchana, kwa maana macho hayasemi uwongo bure. Kisha jiulize rangi hiyo inasema nini, na inasema mbele ya nani. Kwani ifaayo harusini huenda isifae matangani. Tena usimdharau mtu kwa nguo aliyovaa, maana hujui kama aliichagua au alichaguliwa. Mwanamke aliyejifunga leso yake ya kwanza baada ya utumwa hakuwa na kitabu cha majira cha kumwongoza. Alikuwa na hiari yake, nayo ilimpendeza.