Chungu Kimoja, Sahani Mbili: Mapishi Mepesi ya Familia Pamoja na Mbwa na Paka wa Nyumbani

Katika kaya nyingi nchini Tanzania, mbwa ni mlinzi wa nyumba na mifugo, na paka ni mlinzi wa ghala dhidi ya panya. Wote wawili hula kile kinachotoka katika jiko la familia, kwa kuwa vyakula maalumu vya wanyama vinavyouzwa katika maduka ya mijini viko mbali na uwezo wa walio wengi. Utaratibu huo si mbaya. Mbwa ameishi kwa chakula cha binadamu tangu alipoanza kufugwa. Kasoro imo katika mambo mawili: mnyama hupewa chakula kikiwa kimekwisha kuungwa kwa vitunguu na chumvi, na mara nyingi hupewa nafaka ambayo watu wameikataa. Jambo la kwanza humdhuru mnyama. La pili linaweza kumuua, na ni dalili kwamba familia yenyewe imo hatarini.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwekea mfugaji wajibu wa kumtunza mnyama aliye chini ya uangalizi wake, ikiwa ni pamoja na kumpatia chakula na maji. Makala haya yanaeleza namna ya kutimiza wajibu huo bila kuongeza chungu cha pili jikoni.

Kutenga kabla ya kuunga

Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vya kukaanga, vya kuchemshwa au vya unga, vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa na paka. Paka huathirika kwa kiasi kidogo zaidi kuliko mbwa. Dalili hazionekani papo hapo. Huchukua siku kadhaa, na ndiyo maana wafugaji wengi hawahusishi ugonjwa huo na mchuzi wa juzi. Mnyama hulegea, fizi zake hupauka, na mkojo huweza kuwa mwekundu au wa kahawia.

Kwa hiyo kanuni ni kuchemsha kwanza, kutenga sehemu ya mnyama, kisha kuunga chakula cha watu. Mapishi yetu mengi tayari hufuata mpangilio huo: maharage huchemshwa kabla ya kuungwa, na nyama ya kuku wa kienyeji haiwezi kulainika bila kuchemshwa. Kinachobadilika ni mahali pa chumvi na kitunguu tu. Viingie baada ya sahani ya mbwa kutengwa.

Vipimo vya mbwa vilivyomo katika makala haya ni vya siku nzima, kwa mbwa aliyekomaa mwenye uzito wa takriban kilo 15, ambaye huhitaji karibu kilokalori 800 kwa siku. Chakula hicho kigawanywe mara mbili, asubuhi na jioni. Anayekonda aongezewe, anayenenepa apunguziwe. Watoto wa mbwa na mbwa wenye mimba au wanaonyonyesha wana mahitaji makubwa zaidi, na ni vyema mfugaji apate ushauri wa daktari au ofisa mifugo wa eneo lake.

Dagaa, mchicha na ugali

Dagaa ndicho kitoweo kinachofaa kuliko vyote kwa kazi hii, kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yao na hivyo humpa mnyama protini na madini ya chokaa kwa wakati mmoja. Nyama ya steki, pamoja na bei yake, haitoi chokaa ya kutosha.

Kwa familia ya watu watano na mbwa mmoja, chukua nusu kilo ya dagaa wakavu. Dagaa wa Ziwa Victoria huanikwa bila chumvi, lakini mara nyingi huja na mchanga. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu hadi maji yawe safi. Dagaa wa Zanzibar huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao waloweke kwa nusu saa na umwage maji kabla ya kupika. Wengi huondoa vichwa kwa sababu ya uchungu. Visitupwe, kwani mbwa na paka huvila bila kinyongo.

Chemsha dagaa pamoja na vichwa vilivyooshwa kwa dakika 15, bila chumvi. Tia mikono miwili ya mchicha uliokatwakatwa na uache dakika tatu. Hapo tenga kiasi kinachotokana na takriban gramu 100 za dagaa wakavu, vichwa vyote vikiwamo, pamoja na upawa mmoja wa mchicha na supu yake. Changanya na gramu 300 za ugali uliopoa, yaani bonge linalojaza viganja viwili, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti.

Dagaa waliobaki ni wa familia. Wakaushe, uwakaange kwa mafuta, kisha uendelee kama kawaida: kitunguu, nyanya, pilipili hoho, chumvi, na ndimu mwishoni. Ugali wa Tanzania kwa desturi hausongwi kwa chumvi, hivyo sufuria moja ya ugali inatosha wote.

Kuku na viazi vitamu

Mchemshe kuku mzima aliyekatwa vipande katika maji yasiyo na chumvi hadi nyama ianze kuachia mfupa. Katika sufuria nyingine chemsha viazi vitamu na karoti mbili. Kwa mbwa, tenga gramu 200 za nyama isiyo na mfupa; ngozi, firigisi na nyama ya shingo zinatosha kufikia kiasi hicho, na mapaja yakabaki kwa wageni. Ponda na gramu 350 za viazi vitamu, karoti moja, kijiko cha chakula cha mafuta na supu kidogo.

Kwa kuwa mlo huu hauna mifupa, ongeza nusu kijiko cha chai cha unga wa maganda ya mayai. Maganda huoshwa, huchemshwa kwa dakika 10, huanikwa hadi yakauke, kisha hutwangwa yawe laini kama unga wa muhogo. Chupa moja ndogo hudumu kwa wiki kadhaa.

Familia itakula kuku huyo kwa mchuzi wa nazi au rosti. Viazi vitamu vilivyobaki hufaa kwa chai ya asubuhi.

Makande pia yanawezekana, mradi maharage yawe yameiva kabisa, kwa kuwa maharage yasiyoiva yana sumu kwa watu na kwa mbwa. Tenga bakuli la mbwa kabla ya tui na kitunguu, na umwongezee mayai mawili ya kuchemsha au dagaa. Makande matupu hayamtoshi.

Paka si mbwa mdogo

Mbwa anaweza kuishi kwa mchanganyiko wa nafaka na kitoweo. Paka hawezi. Mwili wake hautengenezi kiasi cha kutosha cha taurini, kirutubisho kilichomo katika nyama na samaki pekee, na upungufu wake humharibia macho na moyo. Vilevile paka hawezi kubadili rangi ya njano ya karoti au viazi kuwa vitamini A, jambo ambalo watu na mbwa hulifanya. Paka anayelishwa ugali na maziwa huonekana ameshiba huku akidhoofika polepole.

Paka wa kilo tatu hadi nne ampate samaki, dagaa au kuku wa kuchemsha wa kiasi cha gramu 150 kwa siku, akiwa ameiva na hana miiba mikubwa. Mara moja kwa wiki apewe kipande cha ini lililoiva, chenye ukubwa wa kidole gumba. Ini likizidi, vitamini A hugeuka kuwa madhara. Taurini huyeyuka katika maji ya kupikia, kwa hiyo supu isimwagwe bali imiminwe juu ya chakula chake. Samaki wabichi wasiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa baadhi yao huharibu vitamini B1 mwilini. Panya wanaokamatwa ghalani humsaidia, ilimradi hakuna anayetega kwa sumu.

Nafaka iliyokataliwa

Mahindi yakiota ukungu, kauli inayosikika mara nyingi ni kwamba yatawafaa mbwa na kuku. Kauli hiyo inapaswa kuachwa. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga huweza kutoa sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Hushambulia ini. Mbwa hukataa chakula, hutapika, macho na fizi zake huwa za manjano, kinyesi huwa cheusi au cha damu, na wengi hawaponi.

Kupika hakuiondoi. Ugali uliosongwa kwa saa nzima hubaki na sumukuvu yake karibu yote. Kukoboa hupunguza kiasi, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu imo katika ganda na kiini cha punje, lakini maana yake ni kwamba inahamia kwenye pumba. Familia inayokula sembe na kumpikia mbwa uji wa pumba za mahindi hayohayo imempa mbwa sehemu iliyo mbaya kuliko zote. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa pumba hizo hurudisha sehemu ya sumu mezani kupitia maziwa.

Nchi yetu imekwisha kulipa gharama ya jambo hili. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumukuvu iliyokuwa katika mahindi na 20 kati yao walifariki. Nchini Kenya, mwaka 2004, mlipuko uliotokea katika maeneo ya mashariki, yakiwamo Makueni na Kitui, uliwapata watu 317 na kuua 125. Wengi walikuwa wakila mahindi ya shambani mwao wenyewe. Mtu anayekula kiasi kidogo kwa miaka mingi haugui ghafla, lakini hujiongezea hatari ya saratani ya ini.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo. Nyumbani hakuna kipimo cha sumukuvu, ila unyevu mkubwa unaweza kutambuliwa. Weka mahindi katika chupa kavu ya kioo hadi robo yake, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache na uache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi mno kuhifadhiwa. Yaanikwe tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi isiponata, bado siku moja au mbili za jua hazitaharibu kitu. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu zichambuliwe na kufukiwa. Zisitolewe kwa mbwa, kuku wala mtengenezaji wa pombe. Tahadhari hiyo inahusu pia kiporo cha ugali kilicholala siku tatu katika bakuli uani.

Mifupa, mapafu na maini ya machinjioni

Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Mabaki ya karamu za harusi ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa mifupa, vitunguu na mafuta mengi hukutana katika sinia moja.

Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji, yanayotupwa baada ya kuchinja kondoo, mbuzi au ng'ombe, yana mbegu za minyoo tegu. Mbwa akiyala hupata minyoo hao, mayai yake hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza na mbwa huyo huweza kuyameza na kuota uvimbe wa maji katika ini au mapafu miaka mingi baadaye. Ugonjwa huu unajulikana vizuri katika jamii za wafugaji, wakiwamo Wamaasai na Waturkana. Viungo vya namna hiyo vifukiwe kwenye shimo refu. Vile vinavyoonekana visafi vichemshwe kwa angalau nusu saa tangu maji yaanze kutokota, na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Vyakula vingine vya kumwepusha mbwa ni chokoleti na unga wa kakao, kahawa, pombe, karanga za makadamia, na peremende au ubani wa kutafuna usio na sukari. Wakazi wa Dodoma wazingatie zaidi zabibu, mbichi na kavu, kwani huweza kuharibu figo za mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Bakuli la mnyama lioshwe mbali na vyombo vya watu, aliyelishika anawe mikono kwa sabuni, na chakula kisicholiwa kwa muda wa saa mbili kiondolewe. Maji safi yawepo muda wote. Mbwa aliyezoea kula nyumbani kwa saa maalumu hazururi sana majalalani, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa hupatikana bila kukimbizwa mtaa mzima.

Mbwa au paka akitapika mfululizo, akiwa na fizi nyeupe au za manjano, au akitoa damu, asimamishiwe chakula hicho mara moja na apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na sampuli ya unga au kiporo alichokula, ikiwa katika mfuko mkavu. Familia nayo isiendelee kutumia gunia hilo hadi chanzo cha ugonjwa kijulikane.