Nani ana ufunguo wa kompyuta ya biro? Miaka 60 ya kufunga na kufunguliwa

Tarehe 19 Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo hapa inajulikana kama CICR, ilitangaza kutoka Geneva kwamba wezi wa mitandao waliingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000. Watu hao hawakuwa matajiri wa benki. Walikuwa watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamiaji na misiba, watu waliopotea pamoja na familia zinazowatafuta, na watu walio kizuizini. Habari zao zilikuwa zimekusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu katika sehemu mbalimbali za dunia.

Kazi hiyo ya kuunganisha familia inajulikana Kivu na Ituri. Mtoto anapotea njiani wakati watu wanakimbia risasi, jina lake linaandikwa, na jina la mama yake linatafutwa kambi kwa kambi. CICR iliwaomba wazi wale waliofanya kitendo kile wasigawe habari hizo, wasiziuze, wasizitumie.

Kwa familia iliyokimbia, jina kwenye orodha linasema mambo mengi. Linaonyesha mtu anatoka kijiji gani, sasa analala wapi, ana watoto wangapi na anamtafuta nani. Likifika mikononi mwa adui, linaweza kuleta hatari. Ndiyo maana namna biro inavyofunga kompyuta zake si shauri la mafundi peke yao. Historia ya kufunga huko ina miaka zaidi ya 60, na inarudia somo moja. Mara nyingi mlango haukuvunjwa kwa nguvu. Ulifunguliwa na mtu wa ndani asiye na nia mbaya, au na mtu aliyepewa funguo nyingi kuliko kazi yake, au uliachwa bila kutengenezwa.

Neno la siri la kwanza

Mwanzoni kompyuta ilikuwa mashine kubwa ya kujaza chumba kizima, na watu wengi waliitumia pamoja. Mwaka 1961, kwenye chuo cha MIT nchini Marekani, kikundi cha Fernando Corbató kilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Ili kila mmoja awe na mafaili yake na saa zake za kazi, walimpa kila mtu neno la siri.

Kufuli hilo halikukaa muda mrefu. Mwaka 1962, mwanafunzi Allan Scherr alitaka saa nyingi zaidi kuliko alizopewa. Aliiomba mashine imchapishie faili lenye maneno ya siri ya watu wote, nayo ikamchapishia. Miaka michache baadaye, mafaili mawili yalichanganywa kwa bahati mbaya, na kila mtu aliyeingia kwenye mfumo akaonyeshwa maneno ya siri ya wenzake mahali pa tangazo la siku.

Kutokana na matatizo kama hayo, mwaka 1975 wataalamu wawili wa hapo hapo MIT, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni ambayo mafundi wanaifuata hadi leo: kila mtu na kila programu vipewe ruhusa ile tu inayohitajika kwa kazi yao, wala si zaidi. Yeyote anayejua depo ya chakula ataelewa haraka. Zamu wa usiku ana ufunguo wa geti. Mtunza depo ana ufunguo wa depo. Mhasibu ana ufunguo wa sanduku la feza. Zamu akipoteza ufunguo wake, mchele na feza vinabaki salama. Lakini shefu akimpa kila mtu funguo zote ili kazi iende mbio, ufunguo mmoja ukipotea, kila kitu kiko wazi.

Mashine ndogo zisizo na mlango

Katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo ziliingia maofisini, na somo lile likasahauliwa. Mashine ilikuwa ya mtu mmoja, mezani kwake, na aliyeiwasha alikuwa bwana wa vitu vyote ndani yake. Programu yoyote aliyoifungua nayo ilikuwa na nguvu hizo hizo.

Mwaka 1986, virusi vilivyoitwa Brain vilitoka Lahore, Pakistan, vikisafiri kwenye disketi ambazo watu walikuwa wakipeana mkono kwa mkono. Ndugu wawili waliovitengeneza waliweka ndani yake jina lao na namba za telefone.

Desemba 1989 kukatokea jambo baya zaidi. Disketi karibu 20,000 zilitumwa kwa posta kwenda kwa wasomaji wa gazeti moja la kompyuta na kwa watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Kwa nje zilionekana kuwa na maelezo juu ya UKIMWI. Madaktari na watafiti walizitia kwenye mashine zao bila wasiwasi. Baada ya kompyuta kuwashwa karibu mara 90, majina ya mafaili yalivurugwa, na kwenye kioo pakatokea dai la kulipa dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Mwanabiolojia mmoja Mmarekani alishtakiwa nchini Uingereza, lakini mahakama iliona hali yake ya akili haimruhusu kuhukumiwa.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa virusi vya kudai malipo. Aliyezituma hakuhitaji kuvunja mlango wowote. Alijua tu kwamba mtu wa afya atafungua kitu kinachosema kinahusu afya.

Barua ya mapenzi na flashi

Tarehe 4 Mei 2000, watu wengi duniani walipata barua ya imeli yenye kichwa cha kusema "nakupenda" kwa Kiingereza. Ilitoka kwa mtu wanayemjua, na ilikuwa na faili limefungwa pamoja nayo. Aliyelifungua alipoteza picha na mafaili mengine, na mashine yake ikaanza kutuma barua ile ile kwa watu wote aliowasiliana nao. Hata Bunge la Uingereza lilifunga imeli yake siku hiyo. Kijana aliyeshukiwa alikuwa Ufilipino, lakini mashtaka yaliondolewa kwa sababu nchi hiyo haikuwa bado na sheria inayofaa kwa kosa la namna ile. Ilitungwa baadaye.

Kisha ikaja flashi. Mwaka 2008, virusi viliingia katika mitandao ya jeshi la Marekani kwa njia ya flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta moja Mashariki ya Kati. Mwezi Novemba mwaka huo, jeshi lilipiga marufuku flashi kwa muda. Mwezi huo huo kirusi kingine, Conficker, kilianza kuenea duniani, na baadaye nacho kikajifunza kupanda flashi. Kosa kubwa lilikuwa ndani ya Windows yenyewe: flashi ikichomekwa, mashine ilikuwa tayari kuendesha programu iliyo ndani. Mwaka 2011, Microsoft ilituma matengenezo ya kuondoa desturi hiyo kwenye mashine za zamani.

Wakaaji wa Goma, Bukavu au Bunia wanaijua njia hii vizuri. Mwenye kutaka kuchapisha barua ya kazi, diplome au cheti anapeleka flashi kwenye nyumba ya kuchapisha. Mashine moja inapokea flashi nyingi kwa siku. Akirudi anakuta mafolda yake yamefichwa, na mahali pake pana vialama vya njia ya mkato. Akikibofya kimoja, virusi vinaingia. Flashi hiyo ikipelekwa kesho bironi na kuchomekwa kwenye kompyuta yenye orodha za kambi, hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mlango umefunguliwa.

Mwaka 2017: bei ya kuchelewa

Machi 2017, Microsoft ilitoa matengenezo ya kuziba tundu moja kubwa katika Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, virusi vya WannaCry vilipita katika tundu hilo hilo kwenye mashine ambazo hazikuwa zimetengenezwa. Viliingia katika nchi karibu 150. Nchini Uingereza hospitali zilirudi kwenye karatasi na kalamu, na maelfu ya wagonjwa waliambiwa warudi siku nyingine.

Tarehe 27 Juni mwaka huo, virusi vya NotPetya vilitokea Ukraine, vikiwa vimefichwa ndani ya matengenezo ya programu ya uhasibu. Vikishaingia katika mashine moja, vilitafuta ndani yake maneno ya siri ya wasimamizi, kisha vikayatumia kufungua mashine nyingine. Onyo la mwaka 1975 lilitimia hapo: pale msimamizi alipoacha funguo zake kubwa kwenye mashine ya kawaida, virusi viliokota funguo hizo.

Kampuni ya meli ya Maersk, kutoka Denmark, ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa siku kumi. Habari za nani ana ruhusa ya kuingia wapi zilikuwa zimefutika karibu kila mahali. Nakala moja nzima ilipatikana Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika katika biro yake kabla virusi havijafika, na mashine ile ikawa imezimika. Kampuni ya utajiri mkubwa iliokolewa na kukatika kwa umeme kulekule ambako watu wa Afrika wanakulalamikia kila siku. Maana yake ni rahisi: nakala ya kazi iliyotengwa, isiyounganishwa na mtandao, inaweza kuokoa biro nzima.

Kisa cha CICR kinafuata njia hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba wezi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 na kugunduliwa tarehe 18 Januari 2022. Walipitia tundu katika programu ya kusimamia maneno ya siri. Matengenezo ya kuliziba yalikuwa yamekwisha kutolewa, lakini hayakuwekwa kwa wakati. Hata shirika lenye mafundi na uzoefu wa vita linaweza kuchelewa.

Kufuli linalozidi

Historia inaonya pia upande wa pili. Mwaka 2003, Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mashauri yaliyofanya mabiro mengi duniani kulazimisha watu wawe na maneno ya siri yenye alama ngumu na kuyabadilisha mara kwa mara. Watu walichoka. Waliongeza namba moja mwishoni, au waliandika neno kwenye karatasi na kulibandika mezani. Mwaka 2017 NIST iliacha mashauri hayo, na Burr mwenyewe akasema anayajutia. Siku hizi linapendekezwa neno refu lililo rahisi kukumbuka, lisilobadilishwa bila sababu.

Shefu anayefunga kila kitu bila kuwaeleza wafanyakazi anapata matokeo hayo hayo. Kazi inakwama, mwandikishaji anachukua telefone yake mwenyewe, anapiga picha ya orodha na kuituma kwa WhatsApp. Kompyuta imefungwa, lakini orodha imeshatoka.

Majina ya watu wa kambi

Kufunga kwa akili si lazima kuwe na gharama kubwa. Mwandikishaji atumie jina lake la kawaida kwenye mashine, na haki za kuweka programu zibaki kwa fundi mmoja au wawili. Flashi ya nje isichomekwe kwenye mashine yenye majina ya watu. Matengenezo ya programu yawekwe mapema, hata kama yanakula megabaiti za mtandao. Nakala iwekwe pembeni, na irudishwe mara moja moja kuona kama inafunguka. Diski ifungwe kwa siri, maana biro ikihama mbio kwa sababu ya vita, mashine inaweza kubaki nyuma, na atakayeiokota asiweze kusoma. Mfanyakazi anayeondoka afungiwe ruhusa yake siku hiyo hiyo. Na aliyebofya kitu kibaya asifukuzwe kwa kusema ukweli, kwa sababu anayeogopa adhabu ananyamaza, na virusi vinapata muda wa kutembea.

Kongo ina Sheria ya Digitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake mna sehemu ya kulinda habari za watu. Familia iliyoko kambini haina kompyuta, lakini jina lake limo ndani ya kompyuta. Siku anapoulizwa jina, kijiji na idadi ya watoto, au anapoombwa kuweka kidole kwenye mashine, mama mwenye jetoni mkononi ana haki ya kuuliza kwa heshima: orodha hii inakaa wapi, na nani anaweza kuifungua? Biro iliyofunga vizuri haitakosa jibu.