Kipupwe cha Bahi na Ukuta wa Tembe

Anayeshuka kituo cha Bahi, mkoani Dodoma, alfajiri ya Julai, huku akiwa amesikia tu habari za jua na vumbi la Ugogo, hushangaa meno yakimgongana. Usiku wa kipupwe joto la Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 14, na uwanda ule mpana hauna cha kuuzuia upepo.

Wagogo waliijibu baridi hiyo kwa nyumba. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoikatiza Ugogo mwaka 1857 waliyakuta matembe: kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa bapa lililobeba udongo mzito, vyumba vikiuzunguka uwanja wa mifugo. Udongo ule hunywa jua mchana kutwa, kisha huliachia joto lake polepole watu wakiwa wamelala.

Sayansi ilichelewa kueleza tembe lilikuwa likilinda nini. Mwaka 1807, kwenye vita vya Eylau, daktari Mfaransa Larrey aliona kuwa askari waliokatwa viungo katika baridi kali hawakusikia maumivu sana. Mwaka 1930 daktari wa Uingereza Thomas Lewis alichovya vidole kwenye maji ya barafu: mishipa ya damu ilijibana, kisha ikafunguka kwa vipindi, kana kwamba mwili unaviokoa vidole visife. Mwaka 2002 maabara za David Julius na Ardem Patapoutian, kila moja kwa njia yake, zilikipata kipokezi cha baridi kilichomo katika mishipa ya fahamu ya ngozi, kilekile kinachoamshwa na mentoli. Habari hupanda kwa uti wa mgongo hadi ubongoni, na amri hurudi: misuli itetemeke. Kutetemeka huko kunaweza kuongeza joto linalozalishwa na mwili hata mara tano.

Lakini mkono ukipoa sana, amri yenyewe husafiri kwa kuchechemea. Kemia ya msuli huzorota, unajikunja taratibu na kulegea taratibu zaidi. Mkamuaji wa alfajiri analijua hilo bila kitabu: vidole vimekufa ganzi, chuchu anaiona kwa macho ila haisikii mkononi. Mpanda mpunga wa majaruba ya Bahi naye anapoteza joto kwa miguu, maana maji hulinyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa, takriban mara 25.

Mwaka 1971 mpango wa serikali ulioitwa Operesheni Dodoma ukawahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na matembe mengi yakaachwa. Bati likaja baadaye. Sibezi bati, halivuji masika, wala halihitaji kukandikwa upya kila mwaka. Ila chini ya anga lisilo na wingu hupoa haraka mno, na anayeumia zaidi ni mzee, ambaye mwili wake hautetemeki tena kwa nguvu za ujana. Bibi aliyezaliwa ndani ya tembe sasa analala chini ya bati, na saa kumi na moja alfajiri anaviweka vidole vyake juu ya jiko la mkaa, akisubiri virudi kuwa vyake ndipo afunge kanga.